Mshenga Aliyeogopa Simu

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba 2025

Joto. Umeme hakuna. Nimechoka, na kazi yenyewe haijaanza.

Leo Papa amenipa cheo. Sikuomba. Baada ya kula bukari, ugali wetu, alinawa mikono, akaweka mezani folda ya bluu, akasema kuanzia leo mimi ndiye sekretari wa dosie ya Mama Mutale, yaani faili lake la makaratasi. Sababu zake: nina miaka kumi na sita, ninaandika Kifaransa bila makosa mengi, na jioni sina kazi ya maana. Binamu yangu Hervé alicheka mpaka akapaliwa na mwiba wa samaki. Eti sekretari asiyeweza kumwambia jirani bonjour ni sekretari wa makaburi.

Hervé ana miaka ishirini na miwili. Anakaa kwetu tangu ashindwe mtihani wa serikali. Mara mbili. Anajuana na kila mtu, hata wale wasiojuana naye.

Mambo yako hivi. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka saba. Mama Mutale ni mke wa Papa tangu miaka miwili, mtu wa Chingola, kule Zambia. Visa yake inakwisha tarehe 31. Akitaka kukaa Likasi moja kwa moja, dosie yake lazima iingie biro ya wageni, ofisi ya uhamiaji, kabla ya siku hiyo. La sivyo anavuka mpaka wa Kasumbalesa kurudi kwao, na dada yangu mdogo, anayeitwa Mimi, mgongoni, maana ana miezi kumi na bado ananyonya.

Sitaki waende. Naandika hapa kwa sababu kulisema sitaweza. Alipofika kwetu Mutale hakujua Kiswahili, na mimi najua lugha mbili lakini sizungumzi hata moja. Jioni nyingi tulikaa jikoni tukichambua maharagwe, kimya. Ni mtu wa kwanza ambaye hakuniambia: sema basi!

Karatasi zinazotakiwa ni kumi. Tisa ziko. Kinakosekana cheti cha ndoa cha komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Papa alipeleka mahari Chingola, akacheza ngoma, akarudi na mke. Kuandikisha akasahau. Sasa komini inataka mjomba wa mke aje mwenyewe, aseme mbele ya kitabu kwamba mahari aliipokea.

Mjomba yuko. Anaitwa Bwalya, nasi tunamwita Bayama, ndivyo Wabemba wanavyomwita mjomba. Rahisi! Apigiwe simu. Lakini kwa desturi ya kina Mutale, mkwe hamwiti mjomba wa mke wake kama anayeita teksi. Mke naye haiti watu kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe. Anayeita ni mshenga. Mshenga wao alishakufa, Mungu amrehemu, kule Kolwezi.

Papa aliniangalia. Mimi nikaangalia chumvi.

Mshenga ni mimi.

Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Nimejitayarisha vizuri. Niliandika maneno ya kusema katika ukurasa mzima: salamu kwa Kibemba, heshima kwa Kifaransa, habari kwa Kiswahili. Nikaenda nyuma ya choo, ambako hakuna anayesikia. Nikapiga.

Akaitikia! Sauti nzito. Hilo sikulitayarisha. Nikakata.

Nikapiga tena. Nikakata tena. Jumla mara tano. Mara ya tano nilifaulu kupumua. Kisha yeye akanipigia mimi! Nikaitumbukiza simu ndani ya mfuko wa unga, ikalia mle ndani mpaka ikachoka. Nikaizuia namba yake isiingie tena. Hervé alinifundisha kuzuia namba, ndiyo faida pekee niliyopata kwake.

Papa alipouliza nilisema Bayama anaumwa mguu. Sijui mguu ulitoka wapi. Ulikuja wenyewe mdomoni. Papa aliuliza mguu upi. Nikasema wa kushoto.

Sasa Mutale analia. Simu yake mwenyewe hana, kwa hiyo ananitegemea mimi. Amechemsha mizizi ya dawa na anatafuta dereva wa kuipeleka Chingola. Kina mama wa kikundi cha sala walikuja saa kumi na moja, wakauombea mguu wa kushoto kwa saa nzima. Na mimi nilipiga magoti pamoja nao. Niliitika Amina nyingi kuliko wote.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Hervé amemwambia Papa amwachie yeye. Eti iko na mwenzake anayetengeneza vyeti vya kila aina, muhuri juu, saini chini, kwa nusu saa. Papa alimwambia cheti cha nusu saa kinafunga mtu miaka mitano. Hervé akanigeukia: bon, basi tumwachie bubu.

Bubu! Nimekasirika. Kutoka kwenye hasira nimepata akili. Komini haimjui Bayama. Komini inataka mzee, anayesema Kibemba, anayeweza kusema ndiyo. Wazee kama hao mtaani Kikula wamejaa.

Nimemchagua Mzee Déogratias, anayeshona viatu karibu na soko. Ni mtu wa upande wa Sakania, Kibemba anakisema hata usingizini. Sikuweza kumweleza kwa mdomo, kwa hiyo nilimwandikia barua. Barua nzuri, yenye aya tatu. Akaigeuza juu chini, akasema macho yake yamekufa, nimsomee. Nikamsomea polepole. Hapana, akasema, kwa nguvu kidogo, masikio nayo yanazeeka. Basi nikasoma mpango wangu wote wa siri mbele ya wateja sita na mama mmoja wa nyanya. Yule mama wa nyanya alisema barua imeandikwa vizuri, isipokuwa mwisho ni mrefu.

Mzee aliweka chini kiatu alichokuwa akishona. Halafu akasema amezaa watoto wa kiume saba, madada zake wote walikufa bila kuzaa. Maisha yake yote hajawahi kuwa mjomba wa mtu. Akaniomba siku mbili apige viatu vyake rangi.

Nyumbani nimesema Bayama, kwa sababu ya mguu, ametuma ndugu yake wa Likasi asimame kwa niaba yake. Papa alifurahi. Mutale alifikiri kwa muda mrefu. Ndugu wa Likasi hamjui. Lakini ukoo wao ni mkubwa, alisema, pengine ni mtoto wa bibi mdogo.

Pengine, nilisema.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Msiba.

Komini, saa tatu. Papa na suti, Mutale na kitenge kipya, Mimi na kofia. Mzee Déogratias alifika na viatu vinavyong'aa kama chungu kipya. Jana nilimfundisha neno lake. Neno lenyewe ni "ndiyo." Tulilirudia mara kumi na mbili.

Mwenye kitabu ni Ba Henriette, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa. Alitusalimu vizuri. Akaandika jina la mjomba, ukurasa wa kushoto, wino mweusi. Akamgeukia: baba mukwe, mulipokea mali yote ya bukwe, mahari yote?

Mzee akasimama. Akavua kofia. Akasema: "Hapana."

Papa alifungua mdomo. Mzee akaendelea, na sauti ambayo sijawahi kuisikia sokoni. "Mbuzi ya bajomba miye sikuona. Miaka mbili! Mutoto yetu anapika kwenu, anazaa kwenu, mbuzi iko wapi? Mbele ya kitabu siwezi kudanganya."

Siwezi kudanganya! Yeye!

Ba Henriette hakutabasamu. Akaandika: mahari haijamalizika. Akafunga kitabu. Turudi na mjomba aliyeshiba. Nje ya dirisha Hervé alikuwa anacheka huku ameshika ukuta, mpaka mlinzi akamfukuza.

Nilimkuta Mzee chini ya ngazi. Nikamtazama tu, ndiyo namna yangu ya kupiga kelele. Akasema nimsamehe. Alipoitwa baba mukwe, kitu kilimshika hapa, akagusa kifua. Halafu akaongeza kwamba mbuzi awe dume.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba

Papa ni Muluba wa Kasai, na Muluba wa Kasai habishani na upande wa mke. Mbuzi alikwisha kumtoa Chingola, alisema, lakini kama mjomba wa pili hakuonja, mbuzi hakufika. Kosa ni la mshenga. Mshenga ndiye anayebeba makosa ya pande zote mbili. Kumbe ndiyo maana yule wa Kolwezi alikufa.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemvuta mbuzi kwa kamba, nyumbani mpaka Kikula, jua la Oktoba, saa nane mchana. Mbele ya shule yangu akagoma. Akalala chini kabisa! Wanafunzi wa mchana wakatoka kuangalia. Sephora naye akatoka, ambaye naketi nyuma yake darasani tangu mwaka jana na sijamwambia neno. Akaniuliza, kwa wema, mbuzi anaitwa nani.

Nikajibu: "Michée."

Hilo ni jina langu.

Akasema enchantée, yaani amefurahi kumjua, akampapasa mbuzi kichwani. Sitarudi shule.

Jumapili, tarehe 26 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Nitaandika taratibu.

Mzee Déogratias amemla mbuzi jana, na leo, kama mjomba aliyeshiba, alikuja kututembelea baada ya misa. Alikaa kiti cha Papa. Mutale alimpikia bukari na samaki wa ziwa Tshangalele, akampa maji ya kunawa kwa magoti, akimwita Bayama. Mzee alikuwa anafuta macho, eti pilipili. Kesho tulikuwa turudi komini. Kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Mlango ukagongwa. Mzee mfupi, kofia nyeusi, begi, mfuko wa unga begani. Miguu miwili, yote mizima, yote inatembea. Kabla ya salamu akauliza kwa Kibemba nani amekufa.

Bayama Bwalya. Mwenyewe.

Akasimulia akiwa bado mlangoni. Namba ya Congo ilimpigia mara tano. Kila mara mtu ananyamaza, mara ya mwisho anapumua. Akipiga yeye, hakuna jibu. Kwa umri wake anajua: mtu anayepiga simu na kushindwa kusema ni mtu anayebeba habari ya kifo. Akawaambia majirani. Majirani wakachanga unga wa matanga. Akapanda basi. Njia nzima alikuwa akimlilia Mutale.

Mutale aliangalia mguu wa kushoto. Akaangalia wa kulia. Akaniangalia mimi.

Mzee Déogratias alizidi kula, kwa haraka zaidi.

Papa alisema tu: "Michée."

Sikuweza. Nilichukua karatasi, nikaandika kila kitu, tangu mfuko wa unga mpaka kiatu, nikaisukuma mezani. Papa hakuwa na miwani. Hervé akajitolea kusoma. Alisoma akisimama, na sauti mbalimbali. Sauti yangu aliifanya ya panya.

Alipomaliza nikainua macho. Mutale alikuwa amemkumbatia Mimi na mabega yake yanatikisika. Nikajua: nimempoteza. Si kwa sababu ya visa. Ataondoka kwa sababu yangu.

Bayama akavuta kiti mbele ya Mzee Déogratias. Akamuuliza yeye ni wa ukoo gani, anayekula mbuzi wa watu. Mzee akajibu polepole kwamba yeye ni wa ukoo wa Chui. Bayama akaweka kofia chini. Akasema yeye ni wa ukoo wa Mbuzi.

Nikafunga macho. Nikasikia makofi. Nikafungua: walikuwa wanagongana viganja na kucheka kama watoto! Bayama akamwita jizi, mdomo unaonuka damu, mzee aliyemla ndugu yake na hata mfupa hakuacha. Mzee akamwambia nyama anyamaze, tangu lini nyama inasema mezani. Papa, mtu wa Kasai, alikuwa anawaangalia kama anayeangalia mpira wa nchi nyingine. Mutale ndiye aliyeeleza, na kumbe mabega yalikuwa ya kicheko: koo hizi mbili ni watani tangu mababu. Chui akila mbuzi wa mtani wake, hakuna kesi. Lakini Mbuzi naye anaweza kuchukua chochote cha Chui.

Bayama akainama, akamvua Mzee viatu vyake vyenye rangi mpya, akavivaa.

Usiku nilienda jikoni. Maharagwe yalikuwa kwenye sinia. Mutale aliinua macho. Akasogeza sinia kidogo upande wangu. Nikachambua.

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba

Komini tena. Bayama na viatu vya Mzee, Mzee na kandambili za Hervé. Papa alimweleza Ba Henriette ukweli wote, naye akabadilisha miwani, ya kichwani ikashuka, ya machoni ikapanda. Akasema makelele angeweza kupiga, lakini nguvu zimemwisha tangu mwezi wa sita. Isipokuwa jambo moja: kitabu ya serikali hatufute. Huyu mama ameshaandikwa pamoja na mjomba, ukurasa wa kushoto, wino mweusi. Kwa desturi mtani ni ndugu? Wazee wote wawili wakasema ni zaidi ya ndugu. Bon. Déogratias anabaki mjomba. Bwalya anaongezwa chini yake: mjomba mdogo.

Mdogo! Bayama alivimba. Alisema amemlea huyu mtoto tangu anatambaa. Mzee akampigapiga begani: "Mudogo, nyamaza, bakubwa banaandika."

Mahari? Ndiyo, wote wawili. Mbuzi? Wawili, kwa kweli. Zilibaki saini. Ba Henriette akauliza mshenga iko nani.

Wote wakageuka. Nilisema ni mimi. Akasema: "Nguvu kidogo, kitabu haisikie."

"NI MIMI!"

Mtoto Mimi alianza kulia. Watu wa biro ya pili walikuja kuangalia. Nikatia saini, herufi kubwa. Nimekuwa mtu mwingine. Naandika hapa na tarehe: sitaogopa tena sauti yangu, wala ya mtu yeyote. Mambo ya kujificha yamekwisha.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba

Siku ya mwisho. Foleni ya biro ya wageni tangu alfajiri, mtoto Mimi amelala juu ya folda ya bluu, ameidondoshea mate, tumeipangusa. Kijana wa dirishani alihesabu karatasi: kumi. Akahesabu tena. Kumi. Akapiga muhuri, nikausikia mpaka tumboni. Mutale akapewa karatasi ndogo inayomruhusu kukaa mpaka kadi itoke.

Inabaki alama za vidole. Wataita kwa simu kutoa siku. Namba gani iandikwe? Papa alisema ya sekretari, kwa fahari, akinisukuma mbele. Kijana akaandika yangu. Akatuonya: wanapiga mara tatu. Asiyejibu, dosie yake inarudi chini ya rundo, "na rundo yetu, mon petit, iko murefu kupita weye."

Mutale alinishika mkono njia yote ya kurudi.

Jumatano, tarehe 12 Novemba

Mvua imeanza. Simu imelia saa nane mchana. Namba siijui. Iliruka mezani kama panzi, nami nikaitazama. Ikanyamaza.

Si kwamba naogopa. Hayo yalikwisha, niliyaandika. Ni kwamba sikuwa nimejitayarisha. Nimefikiri vizuri: Gauthier wa darasani kwetu anaiga sauti za watu wote, hata padri. Atajibu yeye, akiwa mimi. Nimemwandikia ukurasa mzima: salamu, ndiyo Bwana, tutafika Bwana, saa ngapi Bwana. Amekubali. Ana nafasi Jumamosi.

Saa tisa ililia tena. Mutale aliuliza kutoka uani ni nani. Nikasema ni msichana mmoja wa Hervé. Akasema nimwitikie, maskini, atakuwa na shida.

Saa kumi. Inalia. Nimeifunika kwa mto na kukalia mto. Nitaketi hapa mpaka Jumamosi ikibidi. Kwa kweli watu wa ile biro wana subira sana. Sijui kwa nini raia wanawasema vibaya.